Ripoti Mbili za Bwana Jaribu Tena

Fundi wa mitandao wa chuo kile cha ualimu ana jina alilopewa na wazazi wake, na limechapwa vizuri kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwake, lakini hakuna anayelitumia. Walimu, mkutubi, wapishi, na hata Mkuu wa chuo anapojisahau, wote humwita Bwana Jaribu Tena. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini aliona kwamba kompyuta za chuo zikikosea huongea Kiingereza kikavu, akaamua kuzifundisha adabu. Akaandika ujumbe wote upya kwa Kiswahili, na kila mmoja akaumalizia kwa maneno "Tafadhali jaribu tena." Ukikosea neno la siri, jaribu tena. Printa ikiishiwa karatasi, jaribu tena. Mwalimu mmoja wa hisabati alijaribu tena mara kumi na tisa mbele ya printa isiyo na karatasi, na kuanzia siku hiyo fundi akavikwa jina lake.

Yeye mwenyewe halimkeri. "Angalau wanausoma ujumbe," humwambia mkewe, naye mkewe humjibu kwamba hata bango la choo watu wanalisoma.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya madawati mabovu kabla ya kuwa chumba cha seva. Mlangoni pana kibao kisemacho "Kitengo cha Kompyuta", na kitengo chenyewe ni yeye, kiti chake, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Hata hivyo kwa miaka mitatu alikuwa akisubiri barua ya kumpandisha cheo awe Mkuu wa Kitengo. Angekuwa mkuu wa nafsi yake mwenyewe, na alilijua hilo, lakini sahihi mpya alikwisha kuifanyia mazoezi nyuma ya karatasi za printa. Wiki ile, Bi Utawala, yaani afisa utawala wa chuo, alikuwa amemnong'oneza kwamba barua iko mezani kwa Mkuu na imebakia kutiwa sahihi tu.

Kilichompa kichwa kikubwa zaidi ni skripti zake. Skripti, kwa asiyejua, ni orodha ya amri unayoiandika mara moja ili kompyuta iifuate siku zote bila kukusumbua. Fundi wetu alizipenda kama wengine wanavyopenda kuku wao. Alikuwa hata na mafunzo mafupi anayowapa walimu wa somo la kompyuta, na ushauri wake ulikuwa mzuri, hilo tusimnyime. Kazi uliyoifanya kwa mkono mara tatu, aliwaambia, ya nne iandikie skripti. Skripti inayobadilisha kitu chochote ianze kwa kukuonyesha itakachobadilisha, halafu isubiri ruhusa yako. Na juu yake andika maelezo kana kwamba unamwandikia mtu mwenye haraka na hasira, kwa sababu mtu huyo ni wewe mwenyewe baada ya miezi sita. Ushauri wake ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba mwenye kuutoa hakuwa miongoni mwa wanaoufuata.

Sasa, katika chumba kile kuna seva moja ambayo kazi yake ni kuwatambua watu. Mwalimu akiandika jina na neno la siri kwenye kompyuta yoyote ya chuo, seva hiyo ndiyo inayosema huyu ni wetu, aingie, au huyu simjui. Ni mashine yenye wasiwasi mwingi. Haiangalii neno la siri peke yake, inaangalia na saa. Ikiona saa ya kompyuta yako na saa yake zimepishana zaidi ya dakika tano, inahisi kuna mtu ameokota tiketi ya zamani anataka kuitumia tena, na inamfungia mlango hata akiwa Mkuu wa chuo mwenyewe.

Bahati mbaya, betri ya kuitunzia saa seva hiyo ilikuwa imekufa. Ni kibetri kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, na ofisi ya ununuzi ilitaka kijaziwe fomu ya kurasa sita, ambayo ilijazwa, ikapotea, ikajazwa tena. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, seva iliamka haijui ni mwaka gani. Ingeweza kuuliza saa kwenye intaneti, lakini intaneti ya chuo nayo huchelewa kuamka, na siku nyingine haiamki kabisa. Fundi akaandika skripti. Seva ikiwaka, skripti inaandika kwenye kioo, kwa Kiswahili kitupu: "Leo ni tarehe ngapi?" Ukijibu, inauliza: "Sasa ni saa ngapi?" Ukijibu, inauliza kama una uhakika, N kwa ndiyo, H kwa hapana. Kisha inaendelea na kazi. Juu ya skripti aliandika maelezo haya: "Rahisi kiasi kwamba yeyote anaweza kuitumia. Hakuna kinachoweza kuharibika." Akatia na jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho.

Yeyote, kwa maana yake, alikuwa Mama Sabuni. Huyu ni mama wa usafi, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye anayefungua vyumba vyote asubuhi na kupiga deki, na ukipita ukumbini baada yake unajua kwa harufu. Fundi alimwelekeza kwa dakika kumi. "Mama, siku nisipokuwepo, ukikuta kioo kimeandika swali, lijibu tu. Ni Kiswahili." Mama Sabuni akasema sawa, mwanangu, kama ni Kiswahili hakuna shida. Lakini kwa mwaka na nusu, aliyelijibu swali hilo alikuwa fundi mwenyewe, kwani umeme ukikatika alfajiri yeye hufika mapema kuliko jua.

Ikaja siku ambayo hakufika mapema. Mama yake mzazi alikuwa na miadi ya kupimwa macho, na kliniki ile inataka simu zizimwe. Walipotoka, mama akiwa na matone machoni na akilalamika kwamba daktari ni mtoto mdogo, fundi aliwasha simu akakuta amepigiwa mara ishirini na tatu. Alimfikisha mama nyumbani kwa dada yake, akafika chuoni saa nne.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuingiza alama za mitihani. Walimu walikuwa wamejaa ukumbini na karatasi zao mikononi, na kila kompyuta ilikuwa imeandika kitu kimoja: "Taarifa zako hazikubaliki. Tafadhali jaribu tena."

"Fundi," alisema yule mwalimu wa hisabati, "leo nimejaribu tena mara nne tu. Unaona nimejifunza."

Fundi akacheka kwa meno ya mbele, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Ana utaratibu wake wa kutafuta tatizo, ameubandika ukutani. Kwanza nyaya. Akaangalia taa za swichi, kile kisanduku cha kugawia nyaya za mtandao, zote zilikuwa kijani. Pili, huduma yenyewe, kama iko hewani. Ilikuwa hewani, haina habari. Tatu, saa. Akatupia jicho kona ya kioo, pameandikwa 4:10. Akatazama mkononi. Ni kweli ilikuwa saa nne na dakika kumi. Akaweka alama ya vema na kuendelea.

Nne, akaunti za watumiaji. Hapo ndipo alipoanza kujichimbia shimo. Alijiambia kwamba kama nyaya ni nzima, huduma ni nzima na saa ni sahihi, basi maneno ya siri ndiyo yaliyoharibika. Alikuwa na skripti ya kubadilisha maneno ya siri ya watu wengi kwa mkupuo. Toleo lile zuri, linaloonyesha kwanza na kusubiri ruhusa, lilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Hapa palikuwa na toleo la zamani, lisilouliza. Akalibonyeza. Kwa muda wa kupiga chafya moja, walimu themanini na wanne wakapewa neno la siri moja, "subira", kisha fundi akatoka ukumbini akawatangazia kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Wakaandika subira. Kompyuta zikawaambia wajaribu tena.

Akarudi ndani. Ndipo akafanya jambo ambalo angepaswa kulianza, akafungua kumbukumbu za seva, mahali ambapo mashine huandika kila kilichotokea na saa yake. Akashuka mstari kwa mstari. Karibu na mwanzo wa siku akakuta umeandikwa: "01:30. Saa imewekwa kutoka kwenye kibodi."

Kibodi ya seva ile iko mle chumbani, haiguswi kutoka mbali. Na 01:30, kwa mtu anayesoma kumbukumbu za seva kila siku, ni saa saba na nusu usiku. Mtu alikuwa ameingia kwenye chumba cha seva usiku wa manane, usiku wa kuamkia siku ya kufunga alama za mitihani, akaichezea saa. Chumba kina funguo mbili. Mmoja anao yeye, na usiku ule alikuwa kitandani mwake, mkewe shahidi. Wa pili anao Mama Sabuni.

Tumtendee haki: hakufurahi. Ila tuseme na ukweli wote, kulikuwa na kitu kifuani mwake kilichokaribiana na nafuu. Kwa dakika arobaini alikuwa mjinga mbele ya chuo kizima, na sasa alikuwa mpelelezi. Akakaa akaandika ripoti. Alipoandika kwa mkono aliandika kama binadamu, lakini akiandika ripoti alikuwa mtu mwingine. "Uchunguzi wa kitaalamu umebaini kwamba majira ya saa saba na nusu usiku, mtu asiyehusika aliingia katika chumba cha seva kwa kutumia ufunguo halali na kuingilia mfumo. Funguo za chumba hicho zinashikwa na watu wawili tu, mimi na mhudumu wa usafi." Akaisoma mara mbili. Ilimpendeza. Akaipeleka kwa Mkuu.

Mkuu aliisoma na uso ukambadilika. Alama za mitihani kuchezewa ni jambo linaloweza kukiangusha chuo kizima. Akamwita Bi Utawala, naye Bi Utawala ni mtu wa kuchukua hatua kwanza. Alimpigia simu msimamizi wa kampuni ya usafi, akamwambia afike saa sita kamili, amwondoe mtu wake na amlete mwingine, na mambo ya polisi yatajulikana baadaye. Mama Sabuni akaambiwa aweke ndoo chini, akabidhi funguo, akakae kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu.

Fundi alipotoka pale ofisini ilibidi apite mbele ya benchi hilo. Mama Sabuni alikuwa ameweka mikono yake mapajani, bado ina maji.

"Mwanangu," alimwambia, "nimefanya nini?"

Fundi angeweza kusimama. Alipunguza mwendo tu, akavaa sura ya kazi. "Mama, we subiri. Wenyewe watakueleza."

Akaenda zake chumbani kuendelea kuhangaika, kwa sababu mhalifu alikuwa amepatikana lakini kompyuta hazijali mambo ya wahalifu, bado zilikuwa zinakataa watu.

Saa tano na dakika kumi na tano mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, ameamshwa usingizini kwake kwa simu ya Bi Utawala, shati limefungwa vifungo upande. Mkononi alishika daftari lake la zamu.

"Fundi, nimeambiwa umeandika kwamba usiku mtu ameingia humu."

"Mzee, si mimi niliyesema. Ni mashine."

"Mashine yako haikuwa zamu. Mimi nilikuwa zamu. Nilikaa pale mlangoni usiku kucha, sijasinzia hata jicho moja, na hapa hakuingia mtu. Kama unataka kunimwagia unga, nimwagie, lakini usiniambie nilikuwa nimelala." Akalifungua daftari, akaliweka juu ya kibodi. "Soma. Au nisome mimi, kama mwandiko wangu haukufai."

"Soma, mzee. Nitaandika."

Alisema hivyo kumtuliza tu. Mlinzi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na fundi akaandika kwenye karatasi.

"Umeme umekatika saa kumi na moja alfajiri."

Fundi akaandika 5:00.

"Umeme umerudi saa moja na robo asubuhi."

Akaandika 7:15.

"Saa moja na nusu, mama wa usafi amefungua chumba cha kompyuta. Amekaa kidogo. Ametoka, ameendelea na deki."

Akaandika 7:30, na kalamu ikagota pale pale.

Hakuna aliyemwambia aandike saba. Mlinzi alikuwa amesema moja. Masikio yalisikia moja, mkono ukaandika saba, na katikati ya masikio na mkono hapakuwa na mtu aliyeulizwa ruhusa. Amekuwa akifanya hivyo tangu aanze kazi, mara mia kwa siku, kama anavyopumua. Akiwa na mama yake ni saa moja. Akiwa na mashine ni saba. Alikuwa na vichwa viwili na hajawahi kuvikutanisha.

Akageuza macho kwenye mstari wa kumbukumbu. 01:30. Saa moja na nusu. Mashine ilimuuliza Mama Sabuni kwa Kiswahili sasa ni saa ngapi, naye akaijibu kwa Kiswahili, sawasawa kabisa, mpaka na dakika zake. Kisha ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza N, maana alikuwa na uhakika.

Polepole, kama mtu anayechungulia jambo asilotaka kuliona, fundi akaangalia kona ya kioo. 5:22. Akaangalia saa ya mkononi. Saa tano na dakika ishirini na mbili. Akaiangalia simu, ambayo hupata saa yake kutoka hewani na haina mama wa kuizoesha vingine. 11:22. Seva ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili. Alikuwa ameiona kwa macho yake mawili tangu saa nne na dakika kumi, akaiwekea alama ya vema.

"Vipi?" aliuliza mlinzi. "Kuna nini?"

"Mzee," alisema fundi, "nenda kapumzike. Hukulala."

"Ndivyo nilivyosema."

Amri ya kurekebisha saa ni ya mstari mmoja. Aliiandika, akabonyeza. Baada ya sekunde chache ukumbini kukasikika sauti ya watu wanaoshangaa, halafu ya watu wanaokaa chini haraka, halafu ya kibodi nyingi kwa pamoja. Walimu themanini na wanne walikuwa wakiingia kazini kwa neno subira. Mwalimu wa hisabati aliufungua mlango kiasi cha kupitisha kichwa. "Fundi, leo umetuokoa," alisema, na hakuwa anatania. Simu ikalia na ujumbe wa Mkuu: "Kazi nzuri sana. Tuonane kuhusu ile barua."

Fundi akakaa peke yake na kiyoyozi.

Mle chumbani, na pengine mji mzima, hakuna mtu mwingine aliyejua kusoma kumbukumbu zile. Kufuta mstari mmoja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Hata asipoufuta, nani ataukuta? Angeweza kusema ni mchanganyiko wa mambo. Angeweza kumwambia Mkuu taratibu, wiki ijayo, barua ikishatiwa sahihi, kwamba huenda yule mama hakuwa na nia mbaya. Neno "huenda" lilimjia lenyewe, na liliponyooka mbele yake alilionea aibu. Aliona aibu kweli, na haikuwa aibu ya kukosea saa. Ilikuwa ya zile sekunde mbili mbele ya benchi.

Akampigia mkewe. Mkewe ni fundi cherehani, na nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inaendelea kushona. Alimweleza yote, akajitukana ipasavyo, kwa ucheshi hata, kama kawaida yake, ili mkewe acheke. Mkewe hakucheka. Cherehani ikasimama.

"Huyo mama yuko wapi saa hizi?"

"Kwenye benchi. Msimamizi wake anafika saa sita."

"Na wewe unanipigia simu mimi?"

Akakata simu. Fundi akapiga moyo konde, akachapa ukurasa ule wa kumbukumbu na ukurasa wa kwanza wa skripti yake, wenye jina lake lote, akatoka.

Ofisini kwa Mkuu walikuwa wamekwisha kufika wote. Mkuu kwenye kiti chake, Bi Utawala kwenye meza ya pembeni na kalamu tayari, msimamizi wa kampuni ya usafi na kofia mkononi, na Mama Sabuni amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Funguo zake zilikuwa mezani.

"Karibu fundi," alisema Mkuu. "Tulikuwa tunakamilisha."

"Msikamilishe," alisema fundi. "Ripoti yangu ni ya uongo. Hakuna mtu aliyeingia usiku."

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudiarudia, mpaka Bi Utawala akainua kalamu.

"Ngoja nielewe. Huyu mama aliulizwa saa."

"Ndiyo."

"Akaandika saa sahihi."

"Sahihi kabisa."

"Na wewe ulipofika ukaiangalia hiyo saa."

"Niliiangalia. Nikaona sahihi."

"Na kompyuta je?"

"Kompyuta nayo ilikuwa sahihi, kwa upande wake."

Mkuu akavua miwani. "Wote mko sahihi. Sasa chuo kizima kimekaa nusu siku bila kazi kwa kosa la nani?"

"Langu. Niliandika swali kwa Kiswahili halafu nikategemea jibu la Kiingereza." Akaiweka skripti mezani, akaonyesha kwa kidole. "Jina langu hili hapa. Na hapa chini nimeandika kwamba hakuna kinachoweza kuharibika."

Msimamizi wa usafi alikohoa kuficha kicheko. Mkuu hakuficha uso wake. Alikuwa amekasirika, na hasira ya kudanganywa kwa lugha nzuri ni mbaya kuliko nyingine. Akavuta droo, akatoa barua moja ambayo fundi aliitambua kwa kuona jina lake juu, akaitazama, akairudisha droo na kuifunga. Bi Utawala naye akasema lake. Alitaka ripoti ya pili, hapo hapo, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili kila aliyesikia habari ya kwanza aisome.

Fundi akaomba karatasi akaandika akiwa amesimama. Safari hii haikumchukua hata dakika mbili. "Mama wa usafi hakukosea chochote. Alijibu sawasawa alichoulizwa. Niliyekosea ni mimi, fundi, mara tatu: nilipouliza vibaya, nilipoangalia vibaya, na nilipomtuhumu." Bi Utawala akaipiga muhuri. Msimamizi akavaa kofia akaaga. Mkuu akamsogezea Mama Sabuni funguo zake na kumwomba radhi kwa niaba ya chuo, maneno mengi na mazuri, naye akayapokea kwa kuitikia kichwa.

Fundi alimkuta ukumbini, ameinama anaichukua ndoo yake pale alipoambiwa aiache. Maji yalikuwa yamepoa na povu limekufa.

"Mama," alisema, "nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu." Alisema bila kumwangalia. "Kusamehe si kazi. Mimi nilijua nimeandika sawa, nilikuwa na saa yangu mkononi."

"Kosa lilikuwa la mashine yangu, mama. Mashine yenyewe ni jinga, na aliyeitengeneza…"

"Usiitukane mashine." Sasa alimwangalia. "Mashine iliniuliza. Iliniuliza tarehe, nikajibu. Ikaniuliza saa, nikajibu. Ikaniuliza kama nina uhakika, ikakaa kunisubiri mpaka nikabonyeza. Wewe umepita mbele yangu, nikakuuliza mimi. Wewe hukuniuliza hata kitu kimoja."

Fundi alikuwa na mzaha tayari mdomoni, wa kujicheka, mzuri tu, na mara zote huo ndio uliomvusha kwenye mahali kama hapa. Akautafuta akaukuta haufai. Walimu walipita kando yao wakienda kula, wengine wakampiga bega.

"Mama," alisema mwisho, "asubuhi ilikuwaje?"

Mama Sabuni akamtazama kidogo kuona kama anauliza kweli. Kisha akaiweka ndoo chini, akakaa kwenye benchi, akaanza kumweleza tangu umeme uliporudi, na fundi akakaa pembeni yake akamsikiliza mpaka akamaliza.